Ngozi ya Mbuzi Mikononi: Kuitambua Barua Pepe ya Tapeli Inayojiita Benki



Vijana wenzangu, somo letu leo ni Mwanzo 27:1-29. Kama Biblia iko karibu, isome yote kwanza ndipo urudi hapa. Na kama kwenye simu yako kuna barua pepe yoyote inayosema imetoka benki, hata ile uliyoipuuza, iache wazi pembeni. Tutazisoma zote mbili pamoja.

Nianze na kisa. Mwaka juzi vijana wa parokia yetu tulikuwa tunachangishana hela ya kwenda hija. Akaunti ya kikundi ilikuwa bado haijafunguliwa (kila mkutano tulisema "wiki ijayo"), kwa hiyo michango ilikaa kwenye akaunti binafsi ya mhazini wetu, dada mmoja aliyekuwa anamalizia chuo. Ilikuwa imefika shilingi 1,860,000. Ijumaa moja ya Kwaresima, saa kumi na moja jioni, akiwa amesimama kwenye daladala, ikaingia barua pepe. Nembo ya benki yake iko juu, rangi ni zile zile, jina lake limeandikwa bila kosa. Ikamwambia kwamba taarifa zake za kitambulisho cha taifa hazijahakikiwa, na asipozihakiki kwa kubofya linki iliyowekwa chini, akaunti itafungwa saa mbili usiku. Akawaza hela za watu. Akabofya. Ukafunguka ukurasa unaofanana kabisa na wa benki. Akaweka jina la kuingilia na nywila. Ikaja OTP, ile namba ya kutumia mara moja, na ilitoka kwa mtumaji yule yule wa siku zote. Akaiweka nayo. Aliposhuka kituoni akaunti ilikuwa na shilingi elfu nne na ushee.

Nitarudi kwake. Kwanza tumwone Isaka.

Mzee aliyekagua, na bado akadanganyika

Tumezoea kumsoma Isaka kama mzee asiyeona, aliyechezewa na mke wake na mwanawe. Isome tena polepole. Yule mzee hakuwa mjinga hata kidogo. Kijana alipoingia aliulizwa yeye ni nani. Mzee alishangaa windo limepatikanaje upesi namna ile. Akamsogeza karibu akampapasa. Akauliza kwa mara nyingine kama kweli yeye ni Esau. Akala, akanywa, akambusu, akanusa nguo. Hesabu mwenyewe: alitumia masikio, mikono, ulimi na pua. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yamemwishia. Wengi wetu tunabofya bila kukagua hata robo ya hapo.

Sasa alikosea wapi?

Alikosea kwa kupima vitu ambavyo mdanganyifu mwenyewe alikuwa ameviandaa vipimwe. Zile ngozi za wana-mbuzi Rebeka alizifunga kwenye mikono na shingo ya Yakobo makusudi, kwa sababu ilijulikana kwamba mzee huenda akapapasa. Nguo za Esau zilichaguliwa, na zilikuwa na harufu ya Esau. Chakula kilikolezwa kama mzee anavyokipenda. Kila alichokigusa kilikuwa kimepangwa kiguswe. Nembo ya benki ndani ya barua pepe ni ngozi ya mbuzi. Rangi za benki ni ngozi ya mbuzi. Jina lako kamili pale juu, anwani ya makao makuu pale chini, onyo la "usimpe mtu nywila yako" ambalo matapeli wengine huliweka bila aibu, vyote ni ngozi. Nembo inanakiliwa kwa sekunde moja. Jina lako linaweza kuwa limeokotwa kwenye ukurasa wako wa Facebook.

Waliosoma mantiki watakumbuka kosa hili: kila barua ya benki ina nembo, barua hii ina nembo, basi imetoka benki. Inaonekana sawa, si ndiyo? Jaribu hivi: kila mbuzi ana miguu minne, meza hii ina miguu minne, basi meza hii ni mbuzi. Ni hoja ile ile. Nembo ikikosekana una sababu ya kutilia shaka. Nembo ikiwepo, hujathibitisha kitu.

Na makosa ya lugha je? Zamani tuliambiwa tapeli anajulikana kwa Kiswahili kibovu. Sahau hilo. Siku hizi kuna programu zinazoweza kumwandikia barua iliyonyooka kuliko insha zetu za falsafa, na benki zenyewe nazo hukosea herufi mara moja moja.

Sauti

Katika kisa kizima kuna jambo moja ambalo Rebeka hakuweza kulifunika kwa ngozi: sauti. Na hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu Isaka aliisikia. Akasema waziwazi kwamba sauti ni ya huyu na mikono ni ya yule. Alikuwa na jibu mdomoni! Kisha akaliacha, akaendelea na chakula. Ni kama alipiga kura: mikono inasema Esau, nguo zinasema Esau, chakula kinasema Esau, sauti peke yake inasema Yakobo, basi Esau kashinda. Lakini utambulisho wa mtu hauamuliwi kwa wingi wa dalili. Dalili moja isiyoghushika kirahisi ina uzito kuliko tano zinazoghushika na mtoto.

Sauti ya barua pepe iko mahali pawili: kwenye anwani ya mtumaji na kwenye linki.

Anwani kwanza. Kwenye simu huwa unaona jina tu, "Benki Fulani Huduma kwa Wateja". Jina hilo mtumaji hujiandikia mwenyewe. Hata mimi naweza kujiita Askofu Mkuu. Gusa jina, anwani yenyewe itafunguka. Tazama kilichoandikwa baada ya alama ya @. Kama benki yako inatumia benkifulani.co.tz na hapo imeandikwa benkifulani-huduma.com, hiyo ni nyumba nyingine. Kagua herufi moja moja: r na n zikikaa pamoja hufanana na m, sifuri hufanana na o, i kubwa hufanana na l ndogo. Kwenye kioo chenye ufa, ndani ya daladala, hizo hazionekani.

Linki inahitaji maelezo marefu kidogo, na naomba usiruke, maana wengi tunaisoma kinyume. Sisi tunaanza kushoto, tukikutana na jina la benki tunaridhika. Mwenye linki hukaa upande wa pili. Fikiria tunavyojitambulisha kanisani: jumuiya fulani, kigango fulani, parokia fulani, jimbo fulani. Anayekwambia mtu huyo ni wa wapi kwa uhakika ni yule wa mwisho. Nikiamua kuliita jiko letu "Vatikani", nikaandika "Vatikani, kigango cha kwetu, parokia ya kwetu", sijahamia Roma. Bado niko jikoni kwetu. Sasa tazama hii:

https://benkifulani.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia

Tafuta mkwaju wa kwanza unaokuja baada ya ile miwili ya mwanzoni. Hapo rudi nyuma kuelekea kushoto. Unakutana na .com, kisha hakiki-akaunti. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo maneno "benkifulani.co.tz" yaliyotangulia ni jina la jiko tu, kajiandikia. Linganisha na hii:

https://wateja.benkifulani.co.tz/ingia

Ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakuta .co.tz, kisha benkifulani. Hii iko ndani ya nyumba ya benki. Na kama kwenye barua linki imefichwa chini ya kitufe kilichoandikwa "Hakiki Sasa", kwenye simu kishikilie kwa kidole bila kuachia mpaka anwani ionekane. Kwenye kompyuta weka kishale juu yake bila kubofya.

Vipi kuhusu ile alama ya kufuli kwenye kivinjari? Kufuli inakwambia kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo hayasikilizwi na mtu wa njiani. Haikwambii aliye upande wa pili ni nani. Mwizi naye anaweza kupata kufuli, tena bure.

Nikiri upungufu wa somo hili: anwani ya mtumaji nayo inaweza kughushiwa, au sanduku la barua la mtu halali likaibwa na kutumiwa. Kwa hiyo anwani mbaya inatosha kukukimbiza, lakini anwani nzuri haitoshi kukutuliza. Ndiyo maana tunahitaji yafuatayo.

"Mbona upesi hivi?"

Isaka aliuliza swali zuri kuliko yote kuhusu muda. Windo linachukua saa nyingi. Hili limepatikana mara moja. Na jibu alilopewa linatisha: Yakobo alilitaja jina la Bwana, akasema Mungu ndiye aliyemfanikisha. Swali la akili likazimwa kwa maneno ya dini. Tuwe waangalifu hapo sisi watu wa kanisa, kwa sababu "Mungu akubariki mteja wetu" haigharimu chochote kuandika. (Naam, Yakobo ndiye aliyebeba ahadi. Lakini Maandiko hayamfichi: baadaye Labani alimdanganya kwa kumpa Lea usiku, na wanawe wakamdanganya kwa kanzu ya Yosefu iliyochovywa kwenye damu ya mbuzi. Mbuzi tena.)

Barua ya tapeli inaishi kwa haraka. Saa 24. Leo kabla ya saa mbili usiku. Mt. Thomas wa Akwino, anapoeleza dhambi zinazopingana na busara, anaitaja pupa, na anaifananisha na mtu anayetaka kufika chini bila kupita ngazi. Ngazi zenyewe ni kama kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, kukubali kuuliza wanaojua. Tapeli anachokifanya ni kuziondoa hizo ngazi chini ya miguu yako.

Mt. Inyasi wa Loyola naye, katika Mazoezi ya Kiroho, ana kanuni za kupambanua roho ambazo kila nikizisoma naona kama aliziandika kwa ajili ya simu zetu. Kanuni ya tano ya juma la kwanza: wakati wa giza na fadhaa usibadilishe uamuzi uliokuwa nao ulipokuwa umetulia. Kanuni ya kumi na tatu: adui anafanya kama mchumba mwongo, anataka mambo yabaki siri, na siri ikishafunguliwa kwa mtu mwenye hekima, kazi yake imeharibika. Ukiambiwa "usimshirikishe mtu, hata mfanyakazi wa benki tawini", umeshamjua. Tena katika kanuni za juma la pili anatuambia tuufuatilie mwendo mzima wa mawazo, mwanzo, katikati na mwisho, kwa sababu adui hujigeuza malaika wa nuru akaingia kwa mambo mema na kutokea kwa mambo yake. Soma barua ya tapeli namna hiyo. Inaanza na usalama wako. Katikati inakupa hofu. Mwisho inaomba ufunguo. Mwanzo na mwisho havilingani: mtu anayelinda mlango wako hakuombi ufunguo kwa barua. Benki haikuombi nywila, wala PIN, wala OTP, iwe kwa barua pepe, kwa simu au kwa ujumbe.

Alimwuliza mtuhumiwa

Kosa la mwisho la Isaka ndilo lenye dawa rahisi. Alikuwa na shaka, akataka uhakika, akamwuliza nani? Yule yule aliyemtilia shaka. Na yule akajibu ndiyo, mimi ndiye. Ulitaka ajibu nini? Nyumba ile ilikuwa na watumishi. Angemtuma mmoja kwenye hema la Esau, kisa kingeishia pale.

Ukipiga namba ya simu iliyoandikwa ndani ya barua yenye mashaka, unamwuliza Yakobo kama yeye ni Esau. Ukibofya linki "kuangalia tu kama ni kweli", vile vile. Toka nje ya barua. Fungua programu ya benki uliyonayo siku zote, au andika anwani ya benki wewe mwenyewe kwenye kivinjari, au piga namba iliyoko nyuma ya kadi yako, au nenda tawini. Kama akaunti kweli ina tatizo, utaliona huko. Kama huko ni shwari, barua ilikuwa ya uongo, na hata hukuhitaji kuchunguza herufi. Ukweli ni kwamba ukisahau yote niliyoandika kuhusu mikwaju na vikoa na ukalishika hili moja, mimi nimeridhika.

Sasa OTP ya mhazini wetu. Mbona ilitoka benki kweli? Kwa sababu wakati yeye anaandika nywila kwenye ukurasa wa uongo, tapeli alikuwa anaiandika kwenye ukurasa wa kweli. Benki ikaona mteja anaingia, ikatuma OTP kwa mteja. Ujumbe ulikuwa halali, aliyeusababisha ni mwizi. Kwa hiyo ujumbe wa OTP usome wote, usikimbilie tarakimu. Mara nyingi huwa umeandika namba hiyo ni ya nini, kuingia au kuhamisha hela. Hujaanzisha kitu wewe mwenyewe? Usiiweke popote.

Na kama umeshabofya na kujaza: piga benki dakika hiyo hiyo kwa namba ya kweli, waombe wazuie akaunti na kadi. Kisha badilisha nywila, na kama nywila hiyo hiyo unaitumia kwenye barua pepe, badilisha na huko. Usiifute ile barua, ni ushahidi. Ripoti polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Kwa namba za simu za matapeli, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", TCRA wana namba 15040 ya kuwaripoti. Jambo gumu kuliko hayo ni kusema. Aibu inakula dakika, na dakika ndizo anazozihitaji mwizi.

Mhazini

Dada yetu hakusema usiku ule. Alisema Jumapili, baada ya Misa, akilia, na kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kwamba amekula hela ya hija. Hakuna aliyemwuliza barua ilikuwaje. Mimi nilikuwa likizo, nilikaa kwenye mkutano ule, nikanyamaza. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Nilisikia kilio chake, nikakipima kwa kura: akaunti ni yake, simu ni yake, hela haipo. Kura tatu. Akaacha kwaya, akaanza kusali parokia ya jirani.

Katekisimu, namba 2478, inarudia ushauri mwingine wa Inyasi huyo huyo: Mkristo mwema awe mwepesi zaidi kuipokea kauli ya jirani kwa maana njema kuliko kuihukumu, na asipoielewa amwulize anamaanisha nini. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani, nikajibu na mtihani.

Wiki ya Pasaka nilikwenda kwao na mwenzangu mmoja. Akatuonyesha barua ile, hakuwa ameifuta. Nikagusa jina la mtumaji. Baada ya @ hapakuwa na benki yoyote, palikuwa na jina refu la ovyo lisilohusiana na benki. Ilinichukua chini ya dakika moja kujua kwamba anasema kweli. Tulikuwa na wiki nne za kufanya hivyo.

Hela haikurudi. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi, tukafungua akaunti yenye watia saini watatu, tukaanza kuchangishana upya. Mwaka uliofuata tulikwenda hija. Uhazini aliukataa. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, na yeye ndiye aliyetuanzishia Rozari.

Kwa mkutano wenu wa wiki hii: kila mmoja aje na barua pepe moja aliyoipokea kutoka benki au inayodai hivyo, bila kubofya kitu. Mwonyesheni aliye karibu nanyi mwenye nyumba ni nani, mkianzia kwenye mkwaju na kurudi nyuma. Kisha someni Yoshua 9, habari za Wagibeoni na viatu vyao vilivyochakaa, mjibu swali hili: watu wa Israeli walikagua mkate, walisahau kumwuliza nani?